Nitoeni Humu Nikiwa Hai

Sogeeni karibu, wanangu, Dorine na wewe Celestine, na mzime hiyo redio, kwa maana kuta za ploti hii ni za mabati na sitaki kupaza sauti mpaka chumba cha mwisho kisikie. Daktari amewaambia mnipe chakula chochote ninachotaka. Mimi si mtoto, najua maana yake.

Nawaomba msiniache nifie humu ndani. Mnakumbuka chumba cha Metrine, kile cha kando ya bomba: tangu afie mle hakuna mtu aliyekubali kukipanga, na Mzee Ombui, mwenye ploti, akawaondoa watoto wa Metrine kabla ya matanga kwisha, kikawa stoo ya makaa. Nikifia hapa, Dorine, wewe na mtoto wako mtalala wapi?

Nipelekeni Karungu, kwa marehemu baba yenu. Celestine, usikunje uso. Ni kweli, baba yenu alipofariki nikakataa kurithiwa na mdogo wake Odoyo, aliibomoa nyumba yangu akaniambia mbele ya wazee, "Mwacha mila ni mtumwa. Nenda ukapange kwa watu." Nikaja hapa Migori na mimba yako, nikapanga, nikawalea kwa kukaanga na kuuza omena, dagaa wa ziwani, hapo mlangoni. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali: Nyakerario, ambaye si wa kabila letu, ndiye aliyekupokea ulipozaliwa, na kesho yake tukagombana kuhusu zamu ya kuosha choo.

Lakini mila hiyo hiyo itamfunga Odoyo. Maiti yangu anaweza kuizuia njiani. Nikishuka pale nikiwa hai, nikamwambia, "Shemeji, nimekuja," mila haimruhusu kunifukuza. Na mwanamke wa kwetu hazikwi bila nyumba yake, kwa hiyo lazima anisimamishie moja, hata ya miti na mabati mawili. Miaka yote nimeomba nyumba, wanangu. Nitapewa ya kuliliwa.

Msimrudishie Odoyo maneno yake. Jiko langu mpeni Nyakerario. Mungu awape mlango ambao funguo zake ni zenu, na mzeeke ndani yake.

Ngojeni... nipumue. Celestine, nivalishe viatu. Nishikeni kwapani, polepole, tupite mbele ya Ombui... anione natembea. Nitamsalimia. Sauti ikikataa... msalimieni nyinyi.