Fundi Aliyehesabu Mabega

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu tunayemzika leo alikuwa mtu wa maneno machache. Kwa miaka hii miwili ya mwisho, yale aliyoyanyamazia watu wameyasema kwa niaba yake. Walisema aliuza tawi la chama. Familia inaomba maneno haya yasikilizwe mpaka mwisho na wote, waliokaa kulia na waliokaa kushoto, maana tumeona kwamba hata leo hamkukaa pamoja.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya pili nyuma ya kituo cha zimamoto. Baba yake alipiga pasi mashuka ya hospitali. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba mama yake alikuwa akisema angeweza kumlaza ndani ya kiatu cha baba yake na nafasi ikabaki.

Alisoma shule ya msingi ya hapa mtaani kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Hesabu alizipenda, kusoma kwa sauti kulimtoa jasho. Akiwa darasa la tano mwalimu alimpa alama mbili zisizo zake, naye akarudi kuomba zifutwe. Wenzake walimzomea njia nzima, na aliyeongoza kuzomea alikuwa mdogo wake wa kiume. Huyohuyo ndiye aliyembebea mkoba walipokaribia nyumbani, ili baba asijue kuna jambo.

Mwaka 1972 alianza kujifunza ushonaji kwa mjomba wake, na Juni 1979 alifungua duka lake. Mlango wa mbele ulitazama barabara, wa nyuma ulitokea kwenye uwanja wa ofisi ya tawi la chama. Kwa kazi ile alizoea kutazama mabega kabla ya uso. Ungeweza kumsalimia mtaani akapita, lakini ukimpa mgongo anakuita. Chama alijiunga nacho mwaka 1978, na tangu 1994 alikuwa katibu wa tawi. Daftari la wanachama aliliandika kwa mkono wake, na mwanachama aliyefariki alimfuta mwenyewe, baada ya kwenda kutoa pole.

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1986. Mkewe alikuja dukani na mama yake kushonewa gauni, na fundi akampima mabega mara tatu. Mama mkwe, ambaye alikuwa bado hajawa mkwe, akamuuliza, "Baba, unashona gauni au unajenga ukuta?" Walijaliwa watoto wanne. Mkewe ni mtu wa wasiwasi, wa kuamka kuhakikisha mlango umefungwa, na marehemu hakuwahi kumcheka kwa hilo. Alikuwa akiamka naye.

Sasa tunafika Jumamosi ya tarehe 18 Mei 2024, siku ya kura ya mchujo ya kumpata mgombea urais wa chama. Waliobaki walikuwa wawili, Mhandisi na Wakili. Kura ilikuwa ya kupanga mistari uwanjani, kila mtu kwenye mstari wa amtakaye, na atakayeongoza anachukua tawi zima. Marehemu alikuwa mtu wa Mhandisi tangu ujana wao, wala hakuficha. Lakini katibu ndiye mhesabuji, na mhesabuji hasimami mstarini. Mdogo wake, ambaye ni fundi bomba, alikuwa wakala wa Mhandisi.

Lango lilifungwa saa kumi kamili jioni, na watu saba waliochelewa walirudishwa, wengine wakitukana. Marehemu alipita akimgusa kila mtu begani kwa chaki yake ya kukatia nguo, ili asihesabiwe mtu mara mbili. Mhandisi alipata mia moja thelathini na saba, Wakili mia moja thelathini na sita. Upande mmoja ulibebana juu juu, upande mwingine ulisema kuna mchezo. Mawakala wote wawili walitia sahihi.

Asubuhi yake marehemu alikuta gauni la bluu la mkewe kwenye kamba, likisubiri kufuliwa. Begani lilikuwa na chaki. Alijua mkewe alikuwa zahanati na binti yao wa mwisho, mjamzito wa miezi minane, na kwamba saa kumi walikuwa bado huko.

"Uliingilia wapi?" alimuuliza.

Mkewe alisema amepitia dukani, mlango wa nyuma. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Aliona mstari wa Mhandisi ni mfupi, akasimama mwishoni, akidhani mumewe akimwona atamtoa. Mumewe hakumwona. Aliona bega tu.

"Ungenyamaza tu," mkewe alimwambia. "Nani ameniona?"

"Mimi nimekuona sasa."

Alikwenda kwa mwenyekiti wa tawi, mwenye bucha, akamwambia amehesabu mtu aliyeingia baada ya lango kufungwa, na kwa hiyo kura ni sare. Mwenyekiti alimsihi kwa wema kabisa. Alimwambia kura moja haiui mtu, afunge mdomo chama kisipasuke. Marehemu akamjibu, "Mwenyekiti, nguo ikikatwa fupi, kunyamaza hakuirefushi." Walipomtaka amtaje mtu huyo, alisema kosa ni la mhesabuji.

Kanuni ya sare ni kupanga mistari upya. Jumamosi iliyofuata mistari ilipangwa upya, akahesabu katibu wa tawi jirani, na Wakili akaongoza kwa watu wanne. Tangu siku ile marehemu aliitwa msaliti, na wa upande wa Wakili, waliodhaniwa wamempokea kwa furaha, nao hawakumwamini, kwa kuwa alikuwa mtu wa Mhandisi. Mwezi Julai alivuliwa ukatibu. Mawe yalirushwa juu ya bati la nyumba yake, mjukuu akiwa na wiki tatu ndani ya nyumba. Mdogo wake alimwambia mbele ya wateja, "Kaka, ungeniambia bei, ningekununua mimi." Hawakusemezana tena.

Mkewe alitaka kujitokeza mara nyingi. Marehemu alimkataza. "Chaki ni yangu na mkono ni wangu," alimwambia. "Wewe una mjukuu mchanga wa kulea." Naye, kwa hofu ya mawe yale, alinyamaza.

Tarehe 11 Novemba 2025 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Alilazwa wiki tano, akarudishwa nyumbani, akajifunza kushika kijiko kwa kushoto. Alifariki Alhamisi, tarehe 5 Februari 2026, saa moja asubuhi, mkewe akiwa amemshikia kikombe.

Ameacha mke, watoto wanne, wajukuu sita, dada mmoja, na mdogo wake, fundi bomba.

Siku kumi kabla hajatutoka aliomba abebwe na watu sita, watatu wa kila mstari. Wa Wakili ni muuza magazeti, mama mwenye saluni na dereva wa gari la taka, na wote wamekubali. Wa Mhandisi ni mwenyekiti wetu mwenye bucha, kinyozi wa kona, na mdogo wake. Mpaka karatasi hii inapelekwa kuchapwa, mdogo wake alikuwa hajajibu.

Kwa hiyo mkewe ameomba lisomwe hili, na lisomwe kwa sauti. "Shemeji, kaka yako hakununuliwa na mtu. Aliyeingia kwa mlango wa nyuma ni mimi. Alikuwa akinisitiri. Gauni halijafuliwa hadi leo, lipo nyumbani, na anayetaka kuliona aje."

Sasa tunawaomba hao sita wasogee. Mbele kushoto, karibu na kichwa chake, pameachwa wazi kwa ajili ya mdogo wake. Hatutaondoka hapa mpaka pajazwe.

Fundi wetu, lala salama. Kipimo chako kilikuwa sawa.