Bwana Kufuli Anatuachia Mlango

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne nyuma ya dirisha la dawa, mfamasia mkuu wa hospitali yetu anavua koti jeupe na kwenda nyumbani. Kamati ya sherehe imenipa ukurasa mmoja wa programu na onyo moja: niandike mazuri tu. Mstaafu mwenyewe, tuliyezoea kumwita Bwana Kufuli, amenipa onyo la kinyume. Alinifuata stoo, akasimama katikati ya maboksi, akasema, "Ya mama mkwe uiweke. Usipoiweka, keki kuleni wenyewe." Kati ya kamati na mwenye shughuli, nimemsikiliza mwenye shughuli.

Tuanze na jina. Kila kundi jipya la wanafunzi wa uuguzi na ufamasia lilipofika, yeye ndiye aliyewafundisha dawa za neva, na hakuwahi kuanza na kitabu. Alitoa mfukoni kufuli kuukuu na funguo mbili. Neva, alisema, haigusani na msuli wala tezi. Kati yao kuna mwanya. Neva ikitaka kusema jambo humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo huvuka mwanya na kuingia kwenye kipokezi cha ng'ambo kama ufunguo ndani ya kufuli. Kufuli likizunguka, mate hutoka, utumbo husukuma, kibofu hubana, mboni ya jicho husinyaa, moyo hupunguza mwendo. Halafu huja kimeng'enya, mfagiaji asiye na likizo, akaiondoa asetilikolini ili neva iweze kusema jingine. Ufunguo wa pili ulichongwa vibaya makusudi: uliingia, haukuzunguka, na ukiwa umo ndani ule wa kweli ulibaki nje ukihangaika. Huyo, aliwaambia, ndiye dawa iitwayo atropini na ukoo wake, na ukoo huo ni mkubwa kuliko mnavyodhani. Kisha kufuli lilizungushwa darasani, kila mmoja akajaribu kwa mkono wake.

Utani wake ulikuwa wa kazi hiyohiyo. Ukichelewa na kusingizia homa, alikusogeza penye mwanga, akakukagua macho, akatangaza mbele ya wote kwamba mboni zinacheza vizuri, kwa hiyo utafute uongo mwingine.

Sifa zake anazistahili. Siku moja waliletwa hapa vibarua watatu wa shambani, wamelowa jasho, mate na machozi, vifua vinakoroma kama mtungi unaochemka. Ukumbini watu walikwisha kuamua: wamelewa. Bwana Kufuli alinusa shati la mmoja, akanusa dawa ya wadudu. Sumu ile humfunga mikono yule mfagiaji, asetilikolini ikajaa kila mwanya, na kila kufuli likazunguka bila kusimama. Alikimbia na boksi la atropini kwapani kama mwizi wa kuku, na daktari akachoma sindano baada ya sindano mpaka vifua vikakauka. Watatu wote walirudi kwao kwa miguu. Tangu siku hiyo atropini hukaa rafu ya karibu na mlango, na ole wake atakayeihamisha.

Sasa ya mama.

Mama mzaa mkewe aliishi nao. Bibi mcheshi, mwenye ulimi wa wembe, aliyewafunga wajukuu karata na kuwaimbia juu yake. Kisha akaanza kubadilika. Mdomo ulimkauka hata maneno yakawa yananata. Akawa anapangusa sisimizi ukutani pasipo sisimizi. Jioni moja alilikaribisha koti la mkwewe lililotundikwa nyuma ya mlango, akalisihi liketi, akalilaumu kwa kiburi. Nyumba nzima ilicheka, halafu ikaacha kucheka. Uzee huo, walisema, akili imechakaa. Na Bwana Kufuli, mwalimu wa vipokezi, naye akasema uzee.

Mkewe, fundi cherehani, alitaka mama yake abaki. Aliambiwa asilete utoto. Bwana Kufuli alimpigia simu kaka wa bibi, wakapatana kwamba Jumamosi apelekwe kwake, akakae chumba cha uani chenye komeo kwa nje, asije akapotea barabarani. Kwenye simu ile alisema maneno ambayo ameniagiza nisiyapunguze: "Mjomba, mama hayupo tena. Tuliye naye ni mwili tu." Bibi alikuwa ameketi kando, akivutavuta nyuzi za shuka.

Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, Bwana Kufuli alikuwa darasani, mimi nimekaa nyuma. Somo lilikuwa mtu ambaye makufuli yake yamezibwa kupita kiasi. Aliandika ubaoni: mdomo mkavu, mboni pana, choo kigumu, mkojo unakataa, anaona visivyokuwepo, anavuta nguo. Hapo chaki ikasimama. Wanafunzi walidhani amesahau. Yeye aliusoma ubao wake mwenyewe kuanzia juu, polepole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa kwao, akatoka bila kufuta.

Nyumbani walipekua chumba, na chini ya godoro la bibi, mkewe alikuta dawa tatu. Vidonge vya kutuliza kibofu, vilivyoandikwa na daktari wa kliniki ya jioni asiyejulikana na mkwe wala binti. Vidonge vya muwasho, vya dukani. Na vidonge vya kumpa usingizi, kwa sababu hizo mbili za kwanza zilikuwa zimeshamvurugia usiku na mchana. Majina matatu, kazi tatu, kufuli moja. Ubongo wa mzee hauna vipokezi vya akiba. Vikizibwa, hupotea njia nyumbani kwake mwenyewe.

Jirani, shoga yake bibi, ndiye aliyekuwa akimchukulia vile vya kibofu. Bwana Kufuli alimwendea kwa ukali, akimwuliza ni mfamasia gani mjinga aliyempa dawa hiyo bila kuuliza ni ya nani na anameza nini kingine. Yule mama alimtazama kwa mshangao. "Si wewe baba? Ukaniambia mara mbili kwa siku, kisha ukaita, 'Anayefuata!'"

Safari ya Jumamosi ilivunjwa. Kwa ushauri wa daktari, vidonge vilipunguzwa kimoja kimoja. Baada ya wiki kadhaa sisimizi waliondoka ukutani, na koti likarudi kuwa koti. Siku bibi alipoomba karata, mkwewe aliketi sakafuni mbele yake, akamwuliza kwa nini hakumwambia, ilhali dawa ndiyo kazi yake.

"Ningekuambiaje wewe, mkwe wangu, kwamba najikojolea?" Bibi alichanganya karata, akagawa. Ndipo akaongeza, bila kumtazama: "Na ile siku ya simu, baba, nilikuwepo."

Bwana Kufuli amewasimulia haya wanafunzi wa kila mwaka tangu hapo, kabla ya kutoa kufuli mfukoni, na kila mara huvua miwani kwanza ili asiwaone wanavyomtazama. Aibu ile haijamzoea, wala yeye hakutaka imzoee.

Lakini aibu hiyo si yake peke yake, na hapa kamati itanisamehe. Tazameni dirisha letu. Kioo chenye tundu dogo kama la panya, mgonjwa anainama kana kwamba ameshitakiwa, na nyuma yake foleni yenye masikio. Hapo tunamtaka apaze sauti aseme kibofu chake kinavuja. Asiposema tunaandika kwamba mgonjwa hakutoa maelezo. Tunaisifu haya kuwa pambo la mtu, kisha tunajenga hospitali ambamo mwenye haya hana pa kuongelea. Huo si uhaba wa vifaa. Ni dharau tuliyoijengea ukuta.

Yeye hakuishia kujuta. Uongozi ulipomwambia hakuna nafasi, alihamisha kwa mikono yake feni mbovu na viti vilivyovunjika miguu kutoka kijistoo cha kando ya dirisha. Seremala wa hospitali akatundika mlango. Ndani kuna viti viwili na swali moja ambalo kila mgonjwa huulizwa kwa sauti ya chini: nini kingine unameza, hata kile unachokificha? Sasa nasikia minong'ono kwamba akiondoka yeye, feni zitarudi. Wenye minong'ono wataketi meza kuu siku ya sherehe, na programu hii itakuwa mapajani mwao. Waisome.

Bibi naye atakuwepo, mstari wa mbele. Ndiye aliyeniruhusu kuandika yote haya, kwa sharti kwamba neno lake nisilifunike kwa maua.

Bwana Kufuli, asante kwa rafu ya karibu na mlango, kwa kufuli uliloniachia mezani, na kwa aibu uliyokataa kuificha. Tunakutakia siku ndefu zenye afya, usingizi usiohitaji kidonge, na mama mkwe asiyekuonea huruma kwenye karata. Mlango tutaulinda. Na atakayefika dirishani akainama, akanyamaza, hatutamwita anayefuata mpaka tumwulize aliyepo.