Herufi Moja ya Dk. Elieth Mazengo (1961–2005)

Ndugu waombolezaji, mimi ni Castory, mdogo wa marehemu. Dada aliniambia, "Usinipambe, nitakusikia." Basi nitasema yaliyo kweli.

Dk. Elieth Mazengo alizaliwa hapahapa Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, tarehe 14 Machi 1961. Alisoma shule ya msingi Gulwe, sekondari Msalato, na mwaka 1986 akahitimu tiba ya mifugo Morogoro. Mwaka 1988 aliolewa na shemeji yetu Ambokile Mwaipopo, mtu wa Rungwe, mkuu wa stesheni yetu. Wazee walinung'unika kwamba mtoto anaolewa mbali. Mbali penyewe palikuwa hatua mia mbili kutoka nyumbani!

Alikuwa mtafiti wa magonjwa ya kuku kwenye maabara moja Mpwapwa. Mdondo ulikuwa ukimaliza mabanda yetu, naye alitaka kutwaa jeni moja ya kirusi chake na kuipandikiza kwenye bakteria, wazalishe protini ya kupimia kama chanjo imeshika. Mwaka 2001 alikwenda kafe ya intaneti Dodoma mjini, akaingia kwenye hazina ya mtandaoni ambamo wanasayansi wa dunia huweka mifuatano ya jeni. Printa haikuwa na wino. Akanakili kwa mkono, A, T, G, C, kurasa sita za daftari. Kwa herufi hizo akaagiza ng'ambo vipande vya DNA vya kuanzia kazi. Jeni iliingia, protini haikutoka. Miezi saba! Mradi ulikuwa ufungwe Juni 2002, na dada, jamani, alikuwa akilia jikoni akidhani hatumwoni.

Shemeji akamuuliza, "Ulizirudia?"

"Nirudie nini?"

"Sisi wa reli hatuachii treni mpaka stesheni ya pili irudie ujumbe neno kwa neno. Wewe umeachia treni, mama Cecilia."

Jumamosi moja ya Januari wakaenda kafe. Shemeji akasoma kwenye skrini, dada akarudia kwenye daftari, hadi mwenye kafe akawauliza kama wanasali rozari. G moja ilikuwa imerukwa mwishoni mwa mstari wa kwanza, na kwa kuwa jeni husomwa herufi tatutatu, zote zilizofuata zikawa zinasomeka ovyo. Kosa lilikuwa limeshaonekana, lakini shemeji alikataa kuinuka mpaka kurasa zote sita ziishe. Ndiyo shemeji huyo. Dada akaagiza vipande upya, na Mei protini ikatoka.

Baadaye dada aliusoma mfuatano wa kirusi cha kuku wa Gulwe wenyewe, akaupeleka kwenye hazina ileile ukiwa na majina mawili, lake na la shemeji. Mkuu wa mradi akalifuta la pili: "Mtu wa reli anatafuta nini humu?" Wakati huo saratani ya titi, iliyoanza mwaka 2004, ilikuwa imeshamlaza. Akawaandikia wenye hazina akiwa kitandani: "Alisoma herufi zote nami. Mrudisheni."

Majibu yalifika tarehe 6 Agosti 2005. Shemeji akamsomea: "Elieth Mazengo. Ambokile Mwaipopo." Dada akayarudia yote mawili, polepole, akatabasamu. Alituacha tarehe 9 Agosti, hospitalini Dodoma.

Ameacha mume, watoto wawili, Cecilia na Gideoni, mama yetu Debora, na mimi niliyezoea kugombezwa naye.

Asubuhi hii nilimsomea shemeji wasifu huu, naye akaurudia neno kwa neno, akilia, mpaka mwisho. Hatukuruka kitu, dada. Pumzika kwa amani.