Gharibu Aliyeambiwa Mama Yuko Mafia

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, tegeni sikio. Leo tunamkumbuka Gharibu Dadi wa Nyamisati, mpakia boriti. Gharibu alizaliwa na uelewa mdogo. Kuhesabu hakuweza, lakini kelele aliziweza. Akipakia boriti za mikoko, bandari nzima ilijua yupo kazini. Jioni alimsimulia mamaye mambo ya siku nzima, na mama akamsikiliza mpaka mwisho.

Mama alipofariki, dada yake Gharibu, Safina, alimpeleka kwa shangazi yao Ruaruke, asiwepo mazikoni. Walihofia atapiga kelele kaburini. Aliporudi akaambiwa mama kaenda kisiwani Mafia.

"Nilijua hataelewa," anasema Safina. "Nikaona namsitiri."

Basi kila boti ya Mafia ikifika, Gharibu yupo gatini, anawatazama wanaoshuka. Ikapita miezi. Kisha akaacha kwenda. Akaacha kula, akaacha kuoga, akaacha na kelele. Nyumbani wakapumua. Safina hafichi, alifurahi. Aliwaambia majirani, "Kaka siku hizi katulia, kawa mtu mzima."

Muuguzi wa zahanati, Consolatha, alipomwona hakufurahi. "Dada Safina, huyu hajatulia, anaumwa. Hii ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Mwenye uelewa mdogo naye humpata. Mpeleke hospitali Kibiti, na mwambie ukweli kuhusu mama."

"Sista, huyu toka azaliwe ndivyo alivyo," Safina akajibu. "Ngoja tuvune mpunga kwanza."

Narudia, wasikilizaji: aliambiwa kaka anaumwa, akangoja mpunga. Mwenyewe ameomba tuliseme hivyo hivyo, bila kulipamba.

Mpunga ungali shambani, Gharibu aliifuata boti ya Mafia iliyokuwa ikiondoka. Aliingia majini na nguo zake. Mabaharia waligeuza boti, lakini walikuwa wamechelewa.

Alizikwa ubavuni mwa mamaye. Kesho yake Safina alikwenda makaburini peke yake, akakaa chini, akasema, "Gharibu, mama hakwenda Mafia. Mama alikufa. Nilikudanganya." Yalimtoka kirahisi tu, na hilo ndilo linalomla mpaka leo.

Safina, na ukoo wote wa Mzee Dadi, poleni sana. Mungu amrehemu Gharibu. Nawe unayetusikiliza, kama nyumbani kwako yupo mtu kama Gharibu, na siku hizi kanyamaza, usishukuru kwanza. Kaa naye, umuulize.