Katekista Fortunatus Silvano, Aliyesafiri Ingawa Unga Ulianguka

Fortunatus Silvano, tuliyekuja kumsindikiza leo, alizaliwa kijijini Mnyambe, wilaya ya Newala, tarehe 2 Julai 1987. Tarehe hiyo imetoka kwenye cheti cha ubatizo. Mengine yametoka kwangu mimi Anastasia, bibi yake mzaa mama. Sikusoma; nimesema, na mjukuu wangu Zabibu ameandika. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito hata mkunga akakosea nyumba, akamkanda tumbo jirani yetu ambaye hakuwa na mimba yoyote. Jirani mwenyewe yupo hapa, asikatae. Mkunga alipofika kwetu, mtoto alishazaliwa, ametulia, anatutazama kama mgeni anayesubiri kupewa kiti.

Mama yake, Helena, alifariki mwaka 1992. Tangu hapo marehemu alilelewa nyumbani kwangu. Kwa utani wa bibi na mjukuu nilimwita mume wangu, naye hakuona haya kunisema mbele za watu: "Huyu mke wangu meno yameisha, lakini kufinya bado anafinya."

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1995 hadi 2001. Mwaka 2003 aliingia seminari, akitaka kuwa padri. Hapa nyumbani tulikuwa tumeshapanga atafungisha ndoa ya nani kwanza. Mwaka 2006 baba yake, mzee Silvano, akafariki, na mikorosho ikabaki haina mtu. Fortunatus alirudi na sanduku lake la bati, akalisukuma chini ya kitanda, akauliza jembe liko wapi. Sikumsikia akilalamika. Mimi nililalamika kwa niaba yake, miaka mingi.

Kuanzia mwaka 2007 alifanya kazi ya kupulizia dawa ya salfa mikorosho ya watu, hapa Mnyambe na huko Tandahimba. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, majani yakiwa bado na umande, na vumbi lake la njano haliogeki likaisha. Jumapili aliongoza ibada akiwa katekista wa kigango chetu. Siku moja mama mmoja alimuuliza palepale kanisani, "Katekista, hivi malaika wana masikio ya njano?"

"Wanaopulizia ndiyo," akajibu, akaendelea na somo.

Mwaka 2021 ugonjwa wa mnyauko uliingia kwenye mikorosho aliyoachiwa na baba yake. Alikata miti arobaini kwa mkono wake, akaichoma, akapanda miche mipya. Watu walimuuliza anapandia nini kwenye shamba lililokufa. Aliwaambia, "Nisipopanda nitakuwa nakaa tu naliangalia."

Alifunga ndoa takatifu na Veridiana, binti wa Masasi, tarehe 19 Novemba 2011. Nikiwa mke mkubwa, nilimkagua bibi harusi mbele ya wageni, nikampitisha. Walijaliwa mtoto mmoja, Nancy, mwaka 2013. Nancy alifariki kwa malaria tarehe 8 Aprili 2019, akiwa na miaka sita. Siku ile padri alikuwa mbali, kwa hiyo baba mtu aliongoza mazishi ya mwanawe. Aliimba beti mbili, ya tatu ikamshinda. Akakaa chini juu ya udongo, akasema, "Malizieni ninyi. Mimi nipo."

Mwezi Oktoba 2024 alianza kuumwa tumbo na kukonda. Hospitalini Masasi walimkuta na uvimbe kwenye ini, akaandikiwa kwenda Dar es Salaam kupasuliwa. Jioni ya kuamkia safari nilifanya kama walivyofanya wazee wetu: nilimimina unga taratibu karibu na mlango mpaka ukasimama kama kichuguu. Ukikutwa asubuhi umesimama, msafiri anakwenda na kurudi. Ukianguka, hakuna safari. Katekista hakunikemea. Alisema tu, "Funika na chungu, mke wangu, panya wasije wakatangulia kuisoma safari yangu."

Kosa ni langu. Unga unaotakiwa ni wa mtama, na nyumbani ulikuwapo wa muhogo tu. Asubuhi tulipofunua, ulikuwa umelala chini wote.

Mjomba wake, Hamudi, mwanangu aliyesilimu alipooa Masasi, alikuwa amekuja kumsindikiza. Akauangalia, akavua kofia.

"Safari hakuna," akasema.

"Mjomba, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Safari hakuna. Unga umeshasema."

"Huu ni wa muhogo, mjomba. Tangu lini muhogo ukajua habari za Dar es Salaam?"

Tukacheka, hata Hamudi. Kisha Fortunatus akainama kwa shida, akausawazisha unga kwa kiganja. Akasema, "Hata ungekuwa wa mtama, ningekwenda. Nilimwomba Mungu upadri, akaninyima. Nikamwomba Nancy apone, hakupona. Nikamwomba mikorosho ya baba, mmeiona. Na bado naongea naye. Siwezi kuanza kumnunia leo."

Akaondoka na mkewe. Tarehe 18 Februari 2025 madaktari walimfungua, wakaona, wakamfunga tena.

Alhamisi tarehe 27, saa kumi jioni, mkewe, Mama Nancy, alimshikia simu akaongea nami.

"Mke wangu. Wameniambia hakuna la kufanya."

Nikamwambia madaktari wa siku hizi ni watoto, na kwamba Newala nilimwona mtu aliyekufa siku mbili akaamka anataka uji. Alicheka, au alikohoa, sikuweza kujua.

"Mimi nipo mikononi mwa Mungu," akasema. "Na wewe je? Nikiondoka utaendelea kusali?"

"Nitasali."

"Usinidanganye, bibi."

"Sikudanganyi."

Nilimdanganya. Alifariki Ijumaa tarehe 28 Februari 2025, saa moja asubuhi, akiwa na miaka thelathini na saba.

Jana jioni nilipiga magoti, kwa sababu nilimwambia nitasali. Nilimwambia Mungu kwamba sina la kumwambia, na yeye hakusema kitu. Nikakaa hivyo hivyo mpaka Zabibu akaja kuninyanyua. Leo tukitoka makaburini nitapiga magoti tena. Sitegemei kusikia chochote.

Marehemu ameacha mjane, Veridiana. Mjomba wake, Hamudi. Binamu yake, Zabibu, anayewasomea haya. Na mimi bibi yake. Mtoto hakuacha.

Fortunatus, mume wangu, yule uliyemwamini akupe mapumziko ya amani.