Mwanamke Aliyeitika kwa Jina Langu

Mama zangu, baba zangu, amani iwe nanyi. Leo sitataja jina la mtu, hata langu. Wengi wenu mlikuwapo mambo haya yalipotokea hapa Kamina. Mimi sikuwapo, na taabu yangu ilianzia hapo.

Mnajua nilikuwa ninaishi Afrika ya Kusini, ninashona nguo. Siku moja mchana mama alinipigia simu.

"Mwana wangu, sababu gani ulipita pa barabara na haukuingia mu nyumba? Nilikuita, ukaniangalia, ukaenda."

"Mama, minyi niko huku mbali."

"Macho yangu iko mazuri," akasema, akakata simu.

Nilidhani ni uzee. Juma lile lile nikapata habari kwamba nyumba ya mjane jirani yetu imeungua, mwenyewe yuko hospitali hawezi kusema, na mimi nimeshtakiwa kuichoma. Watu waliapa kwamba waliniona nikitoka ndani ya moshi. Mmoja wao alinifundisha katekisimu. Alisema uso ni wangu, mwendo ni wangu, hata namna ya kushika kiuno.

Ndugu zangu, adui akikusingizia, unakasirika. Lakini watu wanaokupenda wakiapa kwa machozi kwamba walikuona, unaanza kujichunguza. Nilinusa mikono ya nguo zangu nikitafuta moshi.

Nikamtafuta avoka, yaani mwanasheria, wa huko nyumbani, mwanamke mpole. Nikamwambia ninakuja mara moja.

"Mama, usikuje kwanza," akasema. "Ukishuka tu, wanaweza kukufunga mbele ya kukusikiliza. Unipe karatasi ya kukusimamia, na pasipoti yako yenye mihuri ya mpaka. Na usitume mutu wa jamaa kusemezana kwa siri na batu ya ule mujane. Itaonekana unakubali."

Nikafanya hivyo. Mpelelezi akaitazama pasipoti, akaona sikuingia nchini. Nikafurahi mapema mno.

Mtaani watu walisema, "Kama hakuja na ndege wala treni, alikuja namna gani?" Wakasema ni bulozi, kwamba ninasafiri kwa uchawi. Kadiri avoka alivyoonyesha kwamba nilikuwa mbali, ndivyo walivyozidi kuniogopa. Mama alipokwenda kuchota maji, wenzake waliondoka kisimani mmoja mmoja, akabaki naye mama mmoja tu. Na wengine wakaniona tena, nimesimama mbele ya nyumba iliyoungua, ninatazama majivu. Nilipompigia mama simu, hakuniita tena mwana. Aliuliza, "Ni nani unayesema?" Nami, wapendwa, nilichelewa kujibu.

Hapo sikujua tena niombe nini. Nilikaa mbele ya cherehani, mikono imelala.

Kisha avoka akapiga simu ya picha kutoka hospitali. Mjane ameanza kusema, na mpelelezi yuko pale. Akamgeuzia mjane simu. Yule mama, kichwa kimefungwa bandeji, akanitazama muda mrefu.

"Sura njo hii," akasema. "Lakini si huyu. Ule alinitoa mu moto iko na kovu pa shavu. Moto ilitoka mu mbabula yangu mwenyewe. Nilisahau makaa mu ile jiko."

Mpelelezi akauliza, "Na ule mwengine anakaa wapi?"

"Nyuma ya gare. Anafuliaka bantu nguo."

Wakamkuta pale nyuma ya stesheni. Avoka akamshikia simu mbele ya uso. Nikaona uso wangu ukinitazama, una kovu, na midomo yangu ikafunguka bila mimi kusema neno.

"Weye ni nani?" nikauliza.

"Ni mutoto wa baba yako."

Baba yetu alikufa zamani. Alifanya kazi ya treni, na alikuwa akilala sana upande wa Kaniama. Hatukujua kwamba aliacha mtoto huko. Mama yake alipokufa, yule dada alikuja Kamina kutafuta jamaa ya baba.

"Bantu bakaanza kuniita jina yako pa njia," akasema. "Nikaitika. Sikukuwa na mutu wa kuniita. Mama yako akaniita mwana, nikashindwa kuingia. Kisha nikasikia banasema mwenye ile jina njo alichoma nyumba. Nikajificha, ninatoka tu kuangalia ile majivu."

Kwa neno la mjane, kesi ikafungwa. Nikarudi nyumbani, nikasimama na dada yangu mbele ya mama. Alitugusa mashavu, mmoja baada ya mwingine, kisha akatuambia tuingie tule. Mpaka leo, dada akicheka jikoni, mimi huwa ninagusa mdomo wangu mwenyewe.

Ninamshukuru avoka wangu. Ninamshukuru mjane, na yule mama mmoja aliyebaki kisimani na mama yangu wakati wengine walipoondoka. Ninyi mlio na watoto ng'ambo, waambieni: kesi ikiwafuata nyumbani, wasikimbie wala wasirudi kwa hasira. Wampe mtu wa sheria uwezo wa kusimama badala yao, waseme kweli, na wangoje. Na sisi tunaobaki hapa, tusihukumu kwa macho peke yake.

Dada yangu amekaa kule kwenye benchi la nyuma. Mkitoka, msimkodolee macho. Msalimieni kwa jina lake mwenyewe. Bado hajazoea kulisikia.