Historia ya Fundi Kavu na Maji ya Siku Tatu

Wewe uliyeketi nyuma na kumnong'oneza mwenzako kwamba historia za marehemu ni za kuwapamba wafu, tulia kwanza, maana haya yatakayosomwa hayana pambo, na tarehe zake zimetoka kwenye daftari la marehemu mwenyewe, si kwenye kichwa cha bibi kizee aliyeishia darasa la saba.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyovuja pande zote, mtoto wa pili na wa mwisho wa seremala na mkewe, akamkuta dada yake mkubwa, huyu aliyesimama mbele yenu na karatasi, akiwa na miaka sita na tayari mchoyo wa blanketi. Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza Novemba 1971, hesabu akizijua kuliko mwalimu wake, jambo ambalo halikumpatia nafasi ya kuendelea mbele, hivyo tarehe 3 Aprili 1972 akaanza kubeba ndoo kwa fundi mzee wa kupaka lami, na huko ndiko alikotoka na jina la Fundi Kavu.

Kazi yake ilikuwa kuzuia maji ya bafuni na chooni yasimshukie jirani wa chini, na wapo humu wanaodhani ni kumwaga dawa na kwenda zako, kumbe yeye kabla ya kuchagua dawa aliwauliza wenye nyumba maswali ya aibu, wanaoga wangapi, kwa ndoo au kwa bomba la juu, kwa sababu wa ndoo hulowesha ukuta mpaka kiunoni na wa bomba huulowesha mpaka juu ya kichwa, na dawa sharti ipande hadi huko. Choo cha ghorofa iliyo chini ya ardhi alikitandikia karatasi ya lami, bafu la ghorofani, ambalo zege lake huchezacheza, alilipaka dawa laini inayovutika, na kwenye kona akalaza kitambaa cha nyuzi, kwani maji, alizoea kusema, ni mbea, yakipata ufa mdogo mtaa mzima utajua. Mwisho aliziba tundu la kutolea maji, akajaza sakafu maji kina cha vidole viwili, akachora mstari wa penseli ukutani na kuyaacha siku tatu, na yakishuka chini ya mstari, hakuna kigae kitakachowekwa, hata mwenye nyumba apige magoti.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Agosti 1980, na binti wa mwashi, ambako siku ya kuposa aliomba kuonyeshwa choo, wakadhani tumbo limemvuruga, kumbe alirudi na kusema, "Mzee, binti yako nampenda, lakini bafu lako linavuja," naye mkwe akajibu kwamba achukue vyote viwili, mmoja amuoe na jingine alitengeneze. Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1982, 1985 na 1991, wawili wako hapa na mjane, na yule wa kati alitangulia Mei 1994 kwa homa.

Sasa lile mlilolijia. Mwezi Juni 2001 marehemu alikuwa kwenye jengo lenye duka la mshonaji chini na vyumba vya kupanga juu, na dada yake akiwapikia mafundi chai na kufagia. Jumamosi tarehe 9 marehemu alijaza maji bafu lililo juu ya duka, na Jumatatu jioni dada, asiyevumilia maji yaliyotuama, akasema mafundi wameacha uchafu wao kama kawaida yao, akazibua tundu, akapiga deki, ndipo akauona mstari wa penseli, wala hakuwa ametazama maji yalikuwa yamefika wapi. Badala ya kusema, aliziba tena, akajaza maji mapya kwa ndoo mpaka kwenye mstari, akanyamaza, na Jumanne asubuhi marehemu akakuta maji hayajashuka, akaruhusu vigae.

Ijumaa tarehe 22 Novemba 2002 dari la duka, lililooza kwa maji ya bafu lile, liliporomoka na kumponda mshonaji mkono wa kulia, hakushika sindano tena, na ikasemwa kwamba Fundi Kavu hakuyajaribu maji, na ninyi wakandarasi wa viti vya mbele mkamkataa, miaka ishirini akaimaliza akiziba mapaa ya mabanda ya kuku, asijitetee hata kwa neno moja.

Mei 2021 kifua kilianza kumsumbua, moshi wa lami ya ujanani ukidai chake, akalazwa tarehe 19 Januari 2023, na siku mbili kabla ya kufa akasema, "Dada, yale maji yalikuwa safi mno, yangu yalikuwa na vumbi la saruji." Alipoulizwa alijua lini, alisema ni siku dari lilipoanguka, na alipoulizwa mbona alinyamaza, alisema, "Nikutwike wewe mkono wa mama wa watu, ukauweke wapi?" Alifariki Ijumaa, tarehe 3 Februari 2023, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani walioleta viti, na mafundi wenzake, hata waliomsema. Nawe mshonaji, uliyekuja na mkono wako huo, unayemdai ni huyu anayesoma, si yule aliyelala.

Pumzika, fundi, na amani uliyonyimwa ikukute huko, kazi yako haikuwa na hila.

Dada yake anaiacha karatasi hii mezani, anatoka kwa mlango wa pembeni na kuufunga, ili mwenye la kumsema aliseme bila haya.